Karim na ile jezi ya bluu

Kazi yangu ni kuandika majina mgongoni mwa watu. Nina meza Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo, chini ya kibaraza cha duka la jezi. Juu ya meza kuna mashine mbili: moja inakata herufi kwenye karatasi ya plastiki, nyingine ni ya moto, inazikandamiza mpaka zishike kwenye kitambaa. Unaleta jezi, unataja jina na namba, unalipa, unasubiri kidogo, unaondoka umekuwa Mbappé. Mapenzi ya mashabiki nayajua kuliko wachambuzi wa redioni. Redioni mtu anaongea bure, kwangu analipia.

Na hakuna jina lililonipa ubishi kama la Karim Benzema. Kwenye jezi nyeupe ya Real Madrid hakuwa na tatizo, tisa yake ilitoka msimu hadi msimu. Tatizo lilikuwa ile ya bluu. Kuanzia mwisho wa 2015 hadi 2021 Karim hakuichezea Ufaransa hata dakika moja, lakini vijana walikuwa wananiletea jezi ya Ufaransa, mpya, bado iko kwenye nailoni yake, wanasema, "Kaka, weka Benzema." Nawauliza namba ngapi, maana kule hana namba. "Weka yoyote." Wengine walitaka 10 aliyovaa Brazil mwaka 2014, wengine 9 ya Madrid, ingawa kwa Wafaransa 9 ilikuwa ya Giroud. Sasa wewe fikiria, mtu yuko Dar es Salaam anatoa hela yake mfukoni kumrudisha kikosini mchezaji ambaye kocha wa Ufaransa, Didier Deschamps, hataki hata kuulizwa habari zake. Niliandika. Mimi si Deschamps.

Kijiweni kwetu kila mtu ana nusu yake ya habari hii. Jirani yangu anayeuza soksi na vilinda ugoko ana nusu moja, ya kwamba Karim alionewa kwa sababu ni Mwarabu na ni Muislamu, basi, mjadala umefungwa. Mzee wa kahawa anayepita na birika lake jioni ana nusu nyingine, kwamba kijana alikuwa mkorofi, na mkorofi hata kwa mama yake hapati chakula. Mimi nimewasikiliza wote wawili kwa miaka. Leo nasema ya kwangu.

Karim alizaliwa Lyon, Desemba 1987, akakulia Bron, pembezoni mwa jiji hilo, kwenye familia yenye asili ya Algeria. Mechi yake ya kwanza timu ya taifa ilikuwa Machi 2007 dhidi ya Austria. Aliingia kipindi cha pili akafunga bao pekee la mechi, ana miaka 19. Ungedhani kwa mwanzo huo wangembeba mabegani. Lakini miezi michache nyuma alikuwa ameulizwa redioni kuhusu Algeria, akajibu kwamba ile ni nchi ya wazazi wake, iko moyoni, ila kimpira ataichezea Ufaransa. Kijana amesema lililomo moyoni, tena amechagua kuwachezea wao. Jibu lile likageuka deni lisilolipika. Kila alipokosa bao, palitokea mtu wa kulifukua: si ulisema moyo uko Algeria?

Mwaka 2010 Domenech, kocha wa wakati huo, hakumchukua kwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini, na hapo nadhani Mungu alimpenda, kwa sababu ile timu ilifika kambini kwake Knysna ikagomea mazoezi, wachezaji wakajifungia kwenye basi, wakarudi kwao na pointi moja. Karim alikuwa nyumbani. Hilo halikumsaidia sana, maana hasira ya Wafaransa baada ya Knysna haikuchagua sana aliyekuwepo na asiyekuwepo. Iliwatazama vijana wote wa vitongoji, wenye majina kama yake, ikawaweka kapu moja.

Ndipo ukaja ukame. Kati ya Juni 2012 na Oktoba 2013 alikaa dakika 1,222 bila kuifungia Ufaransa. Dakika 1,222 ni zaidi ya mechi kumi na tatu nzima, na wakati huohuo Madrid anafunga kama kawaida. Uwanja wao wa Stade de France ukaanza kumzomea. Na katikati ya ukame huo, Machi 2013, akaulizwa kwa nini haimbi wimbo wa taifa. Akasema hakuna atakayemlazimisha, kwamba anaipenda timu ya taifa, na kwamba hata akifunga mabao matatu, mwisho wa mechi hakuna atakayemdai kuimba. Akamtaja na Zidane, kwamba naye hakuwa mtu wa kuuimba sana. Chama cha mrengo mkali wa kulia kikataka aondolewe kikosini.

Hili la wimbo ndilo ambalo jirani yangu wa soksi hulisimamia kidete, na hapa nampa haki yake. Nimesimama kwa Mkapa mara nyingi wakati Mungu Ibariki Afrika inapigwa. Nusu ya jukwaa inarekodi kwa simu, mwingine anagombana na muuza maji kuhusu chenji, mwingine anaimba kwa nguvu lakini beti amezichanganya. Sijawahi kumuona mtu anakodoa macho kwenye midomo ya mabeki wetu kuhesabu nani anaimba na nani ametulia. Kule kamera inapita mdomo kwa mdomo, na ikifika kwa kijana wa asili ya Algeria inakaa zaidi kidogo. Sasa huo si uzalendo, ni ukaguzi.

Yeye mwenyewe alishalisema mapema, mwaka 2011, kwenye jarida moja la kwao: akifunga yeye ni Mfaransa, asipofunga au pakiwa na matatizo yeye ni Mwarabu. Miaka saba baadaye Mesut Özil akaandika maneno ya namna hiyohiyo alipoachana na Ujerumani: wakishinda yeye ni Mjerumani, wakishindwa yeye ni mhamiaji. Wateja wangu wanapenda sana maneno hayo. Wamenifanya niyaandike mgongoni, jezi moja ilijaa maandishi mpaka chini kiunoni, namba ikakosa pa kukaa.

Ila niwaambie kitu kuhusu wateja hao hao.

Juni 2019 Taifa Stars walikuwa Misri, AFCON yetu ya kwanza tangu 1980. Kabla ya safari hiyo meza yangu ilikuwa ni SAMATTA 10 asubuhi, mchana na jioni, mpaka herufi A na T zinaniishia nabaki na lundo la Q na X. Tukafungwa 2-0 na Senegal. Tukasema haya, Senegal ni Senegal. Kisha tukacheza na Kenya, tukafungwa 3-2. Kufungwa na Kenya kunauma kwa namna yake, hilo hata si la kueleza. Siku chache baadaye akaja bwana mmoja wa makamo, ameshika jezi ya Stars imekunjwa vizuri kama ya sikukuu, akaniambia, "Fundi, nitolee hili jina."

Nikamwambia, mzee, Samatta amefunga kwenye mechi hiyohiyo. Bao la pili ni la kwake.

"Najua. Toa."

Kubandua jina ni kazi mbaya. Unalipasha moto upya mpaka gundi ilegee, unavuta herufi kwa ncha ya wembe pole pole usichane uzi, halafu gundi iliyobaki unaifuta kwa kitambaa chenye petroli. Ukimaliza, herufi zimeondoka lakini pale zilipokuwa kitambaa kina rangi tofauti kidogo, kimebanwa, kinang'aa. Nilimaliza, nikamuuliza sasa niweke nani. Akafikiri, akasema weka BABA MAPACHA. Jina la mchezaji lina hatari zake, la kwako mwenyewe halikosi penalti. Nikaliweka juu yake, na ukimsimamisha juani bado unasoma SAMATTA chini ya BABA MAPACHA.

Januari iliyofuata Samatta akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, ukurasa wa Instagram wa klabu ukajaa Kiswahili usiku mmoja. SAMATTA 20 nikaziandika mpaka mkono ukawa na malengelenge ya mashine. Machi 1 akafunga Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na ingawa walifungwa 2-1, hapa Kariakoo palikuwa na sherehe kama kombe limekuja Mbagala alikokulia. Akifunga ni mtoto wa Mbagala. Asipofunga akiwa na Stars, nimewasikia hapa mezani: anaogopa kuumia, mguu wake ni wa Ulaya, katuletea makombo. Tena kuna wa Yanga anayekumbuka ghafla kwamba huyu alipitia Simba, kama ambavyo wa Simba humkumbuka Msuva kuwa alitoka Jangwani siku Msuva akikosa. Wafaransa wana Algeria, sisi tuna Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga.

Kwa hiyo jirani yangu anaponiambia Wafaransa ni watu wa ajabu, namuonesha kitambaa changu cha petroli.

Lakini turudi kwa Karim, kwa sababu kuna sehemu jirani yangu huiruka kila mara.

Mwaka 2013 alikuwa amerudi kwenye mabao. Novemba walipofungwa 2-0 na Ukraine kwenye mchujo na kila mtu akaona Kombe la Dunia limeota mbawa, marudiano wakashinda 3-0, Sakho mawili, Karim moja, na uwanja uleule uliomzomea ukaimba. Brazil 2014 alifunga matatu. Robo fainali na Ujerumani, dakika za mwisho kabisa, alipiga shuti la karibu kwa mguu wa kushoto, kipa Neuer akainua mkono mmoja kama anasimamisha daladala, mpira ukarudi. Mwaka 2015, Oktoba 8, akafunga mawili dhidi ya Armenia. Mambo yalikuwa mazuri. Mechi yake iliyofuata na Ufaransa ilikuwa Juni 2021.

Kilichotokea katikati hakikuanzia kwa wabaguzi. Kilianzia Clairefontaine, kambini, chumbani. Mwenzake wa timu, Mathieu Valbuena, alikuwa anatishiwa na watu waliokuwa na video yake ya faragha. Karim akaenda kuzungumza naye kuhusu video hiyo, na aliyemtuma alikuwa rafiki yake wa utotoni. Yeye alisema siku zote kwamba alikuwa anajaribu kumsaidia mwenzake. Mahakama ya Versailles haikukubali. Novemba 2021 ilimtia hatiani kwa kushiriki jaribio la kumtisha Valbuena, kifungo cha mwaka mmoja cha nje na faini ya euro 75,000. Alikata rufaa, na mwaka uliofuata akaiondoa mwenyewe.

Sasa hapo ndipo ninapoachana na kijiwe. Valbuena naye alipotea timu ya taifa mwaka huohuo wa 2015, hakurudi tena. Alikuwa na mechi 52. Hakuwa ametenda kosa lolote, yeye ndiye aliyetendewa. Kwa miaka yote hii hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunijia na jezi ya bluu akasema, kaka, weka Valbuena, yule jamaa kaonewa. Ukiwauliza vijana wanaovaa Karim, wengi hawajui hata alikuwa namba nane.

Kwa hiyo kumwacha Karim nje ya Euro 2016 mimi naona ilikuwa halali. Huwezi kuwapangia chumba kimoja watu walio mahakamani. Mzee wa kahawa huwa anatikisa kichwa kwa kuridhika nikifika hapa, lakini naye nusu yake inaishia hapohapo.

Kwa sababu Juni 2016, siku chache kabla ya mashindano kuanza, Karim aliliambia gazeti la Marca la Hispania kwamba Deschamps amekubali shinikizo la sehemu ya Ufaransa yenye ubaguzi. Soma maneno vizuri. Hakusema kocha ni mbaguzi, alisema kaelemewa na wabaguzi. Lakini watu hawakusoma vizuri. Nyumba ya Deschamps kule Bretagne ikapakwa rangi ukutani usiku, imeandikwa mbaguzi. Mke yupo, familia ipo. Deschamps alisema hilo hatalisahau, na mimi namuelewa. Na Waziri Mkuu wao, Manuel Valls, alishaingilia tangu mwanzo, kwamba mchezaji mkubwa lazima awe mfano. Ukiona Waziri Mkuu anahusika na nani acheze namba tisa, jua mpira umeshatoka uwanjani.

Ila baada ya hapo palikuja kimya, na kile kimya ndicho ninachowalaumu. Kesi ilikwama, miaka ikaenda, na hakuna aliyesimama kusema wazi: huyu ameadhibiwa kwa kosa hili kwa muda huu. Kila kikosi kikitangazwa, Deschamps anaulizwa, anajibu kwamba anachagua kwa maslahi ya timu. Adhabu isiyo na tarehe ya kuisha inaacha kila mtu ajaze sababu yake, na vijana wa Bron wakajaza ya kwao.

Hata hivyo, 2018 ilinivuruga. Ufaransa ilichukua kombe Urusi bila yeye, ikamfunga Croatia 4-2 fainali, na mshambuliaji wao Giroud alimaliza mashindano hajapiga hata shuti moja lililolenga goli. Hapa mjini tulisema Afrika imechukua kombe. POGBA 6, KANTÉ 13, MBAPPÉ 10, hizo ndizo nilizolala nazo mwezi mzima. Nikamwambia jirani yangu: unasema Karim kaachwa kwa Uislamu wake, na Pogba je? Kanté je? Rami je? Akanyamaza muda, akasema hao hawakusema kitu. Nikakosa jibu la haraka, na mpaka leo sina la kutosha. Kweli hao hawakusema kitu. Walishinda, wakatabasamu, wakacheza muziki chumbani. Yaonekana ulikuwa unaruhusiwa kuwa wewe, mradi usilalamike.

Karim hakuwa mtu wa kunyamaza. Novemba 2019 rais wa shirikisho lao, Noël Le Graët, alisema safari ya Karim na Ufaransa imekwisha. Karim akamjibu hadharani, kwamba yeye peke yake ndiye atakayeamua lini inaisha, na kama wanaona kaisha basi wamwache achezee nchi nyingine anayostahili, tuone. Kanuni hazimruhusu, na alijua. Lakini ujumbe ulifika, hasa Algeria. Mwaka uliofuata, watu wamefungiwa majumbani kwa korona, akaulizwa mtandaoni kuhusu Giroud, akasema usichanganye Formula 1, yale magari makubwa ya mbio, na magari madogo ya kuchezea mashindano, tena yeye ndiye Formula 1. Hapo alinikera. Giroud hakuwahi kumkosea kitu. Na mzee wa kahawa, ambaye hajui Formula 1 ni nini, alinilazimisha nimueleze mpaka kahawa ikapoa.

Halafu Mei 2021, bila mtu kutarajia, Deschamps akamuita. Walikutana, wakazungumza kwa muda mrefu, na waliyozungumza wakabaki nayo. Namba 19. Sikumbuki wiki yenye kazi kama ile. Hata watu wa Simba waliokuja kuchukua jezi zao walitupia na moja ya bluu. Mechi ya kwanza, na Wales, akakosa penalti. Nikasema haya, tumeanza. Kwenye Euro yenyewe akafunga mawili dhidi ya Ureno, kisha mawili dhidi ya Uswisi ndani ya dakika chache. Bao la kwanza kati ya hayo ulitakiwa uwepo: Mbappé anampigia pasi, mpira unakuja nyuma yake, anaunyanyua kwa mguu wa kushoto huku anakimbia kwenda mbele, kama mtu anayeokota funguo bila kusimama. Nilikuwa kibanda umiza, watu wamebanana jasho linachuruzika, ikalipuka kelele mpaka mwenye kibanda akashika televisheni yake kwa mikono miwili.

Ufaransa walikuwa mbele 3-1. Uswisi wakarudisha yote. Imepita saa sita usiku, penalti, Mbappé ndiye wa mwisho, kipa wao Sommer akapangua. Na sikiliza sasa: nilitegemea watamlaumu Karim. Hapana. Kijana aliyekuwa mbele yangu, amevaa MBAPPÉ 10 niliyoiandika mimi, alimtukana Mbappé kwa rangi yake, rangi ambayo ni yake pia huyo anayetukana. Huko Ulaya Mbappé alitukanwa hivyohivyo mitandaoni, hadi akasema baadaye kwamba alifikiria kuacha timu ya taifa. Yaani Karim karudi, kafanya kazi yake, na mzigo wa kubebeshwa lawama ukahamia kwa mwingine, haukukaa chini hata siku moja.

Mwezi uliofuata soko kuu la Kariakoo likaungua, na kwa muda mrefu hapa mtaani hapakuwa na habari ya mpira.

Mwaka 2022 Karim alikuwa mchezaji bora wa dunia na hakuna aliyebisha. Mabao 44 kwa mechi 46 za Madrid msimu wa 2021/22, mabao 15 ya Ligi ya Mabingwa, matatu kwa PSG, matatu kwa Chelsea ugenini. Tayari Oktoba 2021 alishaisawazishia Ufaransa kwenye fainali ya Ligi ya Mataifa dhidi ya Hispania, mpira wa kuzungusha kutoka kushoto, na wakabeba kombe. Oktoba 17, 2022 akachukua tuzo ya Ballon d'Or, Mfaransa wa kwanza tangu Zidane 1998. Basi na mimi mfanyabiashara nikafanya hesabu zangu: Kombe la Dunia linaanza Novemba, watu watakuja wote kwa pamoja, umeme nao wenyewe mnaujua, bora niandike mapema. Nikachukua mzigo wa jezi za Ufaransa, nikaweka BENZEMA 19, nikazitundika mstari mzima mbele ya meza.

Novemba 19 akaumia paja mazoezini Doha. Mashindano hata hayajaanza. Asubuhi nafika kazini, jirani wa soksi ananisubiri ameshika simu, hasemi kitu, ananionesha tu.

Jezi zikaniganda. Siku tatu baadaye Ufaransa wakaifunga Australia 4-1, na mabao mawili ni ya nani? Giroud. Yule wa gari dogo. Kwenye mechi na Poland akavunja na rekodi ya mabao ya Thierry Henry. Wateja wangu wakataka GIROUD 9, na mimi nina ukuta wa 19.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba Deschamps hakuita mtu wa kujaza nafasi yake. Jina la Karim lilibaki kwenye orodha ya timu mpaka fainali, na yeye yuko Madrid anapona. Baadaye wakala wake alidai kwamba wataalamu waliotazama picha za paja lake waliona angeweza kuwa tayari hatua ya mtoano. Deschamps akasema si kweli, kwamba ratiba ya kupona haikuwa hivyo na Karim mwenyewe alikubali kuondoka. Wanaume wawili, kila mmoja na karatasi yake. Walikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kujifunza kuaminiana na haukutosha.

Desemba 18, saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwetu, fainali na Argentina. Mnajua ilivyokwenda, 3-3 na penalti 4-2. Kesho yake, siku anatimiza miaka 35, Karim akaandika ujumbe mfupi: alifanya juhudi na makosa yaliyotakiwa mpaka kufika alipo, anajivunia, ameandika historia yake na yetu inakwisha. Mechi 97, mabao 37. Hakungoja kuagwa wala hakuomba mechi ya heshima ili afikishe mia. Mimi naona alimjibu Le Graët wa 2019, kwamba nilisema nitaamua mwenyewe, nimeamua.

Jirani yangu anasema walimfukuza. Namwambia soma tena, mtu kaondoka kwa miguu yake. Anasema angekuwepo Doha wangeshinda, kwamba Coman asingepewa ile penalti iliyodakwa, angepiga Karim. Nikamkumbusha Aprili 2022, mechi na Osasuna, Karim alikosa penalti mbili ndani ya mechi moja, kipa yuleyule. Akaruka juu: na siku sita baadaye pale Manchester City je, alipoichota katikati ya goli kipa kalala? Nikasema hiyo nayo kweli. Akasema basi. Nikasema basi nini, hujajibu za Osasuna.

Hapo akasimama mteja, binti mdogo na kaka yake, wameleta jezi ya Argentina. Nikawasha mashine. Jirani bado anaongea. Kati ya zile BENZEMA 19 zimebaki chache, saizi kubwa kubwa, na mwenye kuhitaji aje tupatane bei, jina silitoi.